Wafilipino na Kiingereza cha "payb": walikipata wapi, na kwanini huko nje wengine wanakisifia na wengine wanakinyima kazi?

Mti_Mkavu

Wakuu salama? Uzi mrefu huu, wale wa "fupisha mkuu" piteni tu kwa amani.

Siku yangu ya tatu kazini Dubai, mwaka 2018, nilikuwa belboi kwenye hoteli moja (jina naliacha). Redio koli ikalia kiunoni, sauti ya dada wa mapokezi, Mfilipino: "Flor payb, payb-o-payb, bi-ay-pi, past past!" Nikasimama na kitoroli changu kama mtoto aliyeitwa ubaoni. Payb ni nini? Na huyo Biaypi ni nani? Nikaona hilo lazima ni jina la mgeni, nikaanza kupekua vikaratasi vya mizigo kutafuta begi la Bwana Biaypi, labda Mgiriki. Kumbe mgeni mwenyewe yuko juu chumba 505 na taulo kiunoni anasubiri suti yake, ana kikao. Nilichambwa siku hiyo mpaka nikaona heri ningebaki Muheza na machungwa yangu.

Baadaye yule dada akanifuata kantini akaniomba radhi na kunifundisha. Payb ni faivu. Bi-ay-pi ni VIP. Past ni haraka. Wiki haikuisha nikazoea, na miezi miwili mbele mama mmoja wa Kiingereza akaniuliza kwenye lifti kama nimekulia Manila, maana na mimi nilishaanza kusema "payb" bila kujijua.

Sasa kilichonifanya nichimbe hii mada ni yule dada mwenyewe. Ana digrii, kwenye basi la staff anasoma liriwaya la Kiingereza lenye kurasa kama tofali, na meneja wetu Mwingereza kabisa wa kwao alikuwa anampa barua zake azipitie kabla hazijatumwa kwasababu yeye spelingi zilikuwa zinamtoa jasho. Mtu anakijua Kiingereza kuliko Mwingereza halafu anasema payb. Sasa mkisema hajui, hajui nini hasa?

Tuanzie nyuma. Wahispania walikaa Ufilipino kuanzia 1565 mpaka 1898, miaka 333, lakini lugha yao hawakuigawa kwa watu wengi. Mapadri waliona rahisi wao wajifunze lugha za wenyeji wahubiri humo, Kihispania kikabaki cha wakubwa na matajiri. Kilichoingia ni maneno. Na Kitagalogi hakikuwa na sauti ya F, kwahiyo kila F ya Mhispania ikapigwa pasi ikawa P. Café ikawa kape. Fiesta ikawa pista. Na jina lenyewe la nchi, waliloiita kwa heshima ya mfalme wao Felipe, likawa Pilipinas. Nchi imepewa jina linaloanza na herufi ambayo wenye nchi hawana mdomoni, hebu fikiria! Hata alfabeti yao ya zamani, Abakada, herufi 20, F haimo. Lugha ya taifa ilikuwa inaitwa Pilipino, ni katiba ya 1987 ndiyo iliyoifanya Filipino, kwa F, kuwa lugha ya taifa.

Ukiangalia na V na Z za Kiingereza, na ile "sh", Mhispania naye hana, hivyo hata kama angewafundisha vizuri vipi asingewapa kitu ambacho kwao hakipo. Wakaingia miaka ya 1900 na mdomo uleule.

Desemba 1898 Mhispania kashindwa vita, anamwachia Mmarekani visiwa kwa dola milioni 20. Wafilipino wakapigana na bwana mpya, damu nyingi ilimwagika, na huku vita haijakwisha wanajeshi wa Kimarekani wanaweka bunduki pembeni na kufundisha watoto ABC. Januari 1901 ikatoka sheria kwamba shule za serikali zifundishe kwa Kiingereza, na tarehe 21 Agosti 1901 ikatia nanga Manila meli ya jeshi inaitwa Thomas imebeba walimu kama 500 wa Kimarekani. Mpaka leo walimu wale wanaitwa Thomasites, kwa jina la meli. Wakasambazwa visiwani mpaka vijijini kabisa.

Na hapa ndipo penye mzizi wa mambo. Walimu 500 na hao walioongezeka baadaye wasingeweza kufundisha visiwa zaidi ya elfu saba. Walichofanya ni kufundisha Wafilipino wawe walimu, haraka, na ndani ya miaka kama ishirini hivi mwalimu wa Kimarekani darasani akawa adimu. Mwaka 1925 likaja jopo la wataalamu kutoka Marekani, likiongozwa na Paul Monroe wa Chuo Kikuu cha Columbia, kukagua shule, na moja ya malalamiko makubwa ilikuwa Kiingereza cha watoto. Lakini jamani, mtoto wa Ilocos au Cebu wakati huo kamsikia wapi Mmarekani? Kafundishwa na Mfilipino aliyefundishwa na Mfilipino aliyefundishwa na kijana wa Kansas kwa miaka miwili. Lafudhi ikawa ya ukoo, inarithishwa kama shamba. Sensa ya 1939 zaidi ya robo ya watu walishasema wanajua Kiingereza, Kihispania kwa miaka 333 hakikuwahi kufika huko hata kwa mbali.

Kwahiyo mtu wa Manila akisema payb hajakosea kumwiga Mmarekani, kamwiga mwalimu wake na kampatia vizuri kabisa. Msomi wao mmoja, Teodoro Llamzon, mwaka 1969 aliandika waziwazi kwamba kuna Kiingereza sanifu cha Kifilipino, kinachosimama chenyewe. Wenzake wengine walimrukia.

Ngoja nikale, ntarudi na habari za nje. Lakini mlio ughaibuni tieni neno.

dogo_janja88

Natia kambi hapa. Biaypi Mgiriki nimecheka mpaka konda kaniangalia vibaya.

Mswaki_na_Colgate

Mkuu historia safi ila mimi sikubali yote. Niko Doha mwaka wa nane, store. Hawa jamaa wakiongea na simu huelewi kitu. "Pipti" ni 50, "piptin" ni 15, na kwenye store hiyo ni hasara. Nimewahi kuletewa katoni 50 za glavu nilizoagiza 15. Lafudhi ni lafudhi lakini kazi ni kazi.

Mti_Mkavu

@Mswaki_na_Colgate hapo sikukatalii, ila 15 na 50 inawachanganya mpaka Wazungu wenyewe kwenye simu. Tofauti ya hayo maneno mawili kwa Mwingereza iko kwenye mkazo, anaukandamiza mwisho au mwanzo. Mfilipino yeye kila silabi anaipa haki yake, pip-tin, pip-ti, kama anavyohesabu hela. Na sisi ndiyo hivyohivyo! Neno kama "comfortable" Mwingereza analimeza katikati, Mfilipino anasema kom-por-ta-bol, sisi tunasema kom-fo-ta-bo. Ndiyo maana mimi Mfilipino nilimwelewa ndani ya wiki moja lakini Mskoti wa gym mpaka leo namwitikia kwa kutabasamu tu.

BahariaWaMalindi

Assalaam alaykum. Miye ni mtu wa Unguja, nimepanda meli za mizigo miaka kumi na mbili, na ukipanda meli ukakosa Mfilipino basi hiyo si meli, maana Ufilipino ndiyo inayoongoza duniani kwa kutoa mabaharia. Bosun wangu wa kwanza, yaani msimamizi wa mabaharia wa deki, wa Iloilo, mpishi wa Cebu, fundi mashine wa Batangas.

Hiyo ya 15 na 50 baharini imeshapatiwa dawa zamani. Shirika la bahari la kimataifa, IMO, lilipitisha mwaka 2001 misemo sanifu ya kuongea baharini, na humo namba haisemwi nzima, unataja tarakimu moja moja. 150 unasema moja, tano, sifuri, kwa Kiingereza lakini. Hakuna piptin wala pipti. Huyo wa store Doha na aanze hivyohivyo, ataona.

Na kuna jambo limenifurahisha zaidi. Marubani wa ndege, wale wakubwa kabisa, kwenye redio utaratibu wao wa kimataifa unawaambia "three" waiseme "tree", na "thousand" waiseme "tousand", na "five" waiseme "fife", kwasababu ile "th" na ile V ya mwisho zinapotea kwenye mawimbi. Basi Mfilipino anaposema "tri tawsan" anachekwa, akisema rubani wa Kizungu ni usalama wa anga. Wallahi nilipojua hili nilimwambia bosun, alicheka siku mbili.

Mti_Mkavu

Baharia umeua! Hii ya tousand naiiba.

WaRironi

Mkenya hapa, msinipige. Kwetu hii kitu tunaita kushrub. Mkikuyu akichanganya L na R anachekwa, Mkalenjin P na B, Mjaluo akikosa "sh" akasema "fis", wote wanachekwa na comedy imejengwa juu ya hiyo, lakini ukiangalia vizuri anayechekwa sana ni yule hana pesa. Mwenye pesa anashrub na watu wanaandika notes.

Nimefanya call centre Nairobi miaka minne, na trainer wetu alikuwa Mfilipino. Wao ndio baba wa hii biashara ya simu. Kufikia karibu 2010 walikuwa washapita India kwa kazi za kuongea na wateja, na siku hizi hiyo sekta yao imeajiri watu zaidi ya milioni 1.7. Huyo trainer alituambia kwao kabla hujagusa simu kuna wiki za kunyoosha mdomo, F hadi usiku, V hadi asubuhi, unafundishwa pia baseball na majina ya states ndio mteja wa Ohio asishtuke. Na yeye alikuwa na lafudhi mbili kabisa. Akiwa na headset ni Mmarekani, akitoa headset kwenda kununua mandazi ni "how much dis, ate?" (ate ni dada kwa kwao). Nikamuuliza inachosha? Akasema inachosha kama kuvaa viatu vya mtu.

Saa hii hata hiyo training inaenda. Kuna programu za kompyuta zinabadilisha lafudhi yako ukiendelea kuongea, wewe unasema payb hapa, mteja anasikia Mmarekani kule.

Mswaki_na_Colgate

Sasa si ndiyo nilichosema? Wenyewe wananyoosha. Kama ingekuwa sawa wasingenyoosha.

Mti_Mkavu

Mswaki tulia, nimekuja na kesi yako.

Honolulu, Hawaii. Wafilipino wako kule tangu Desemba 1906, kundi la kwanza watu 15 walipelekwa kukata miwa. Mwaka 1981 mzee mmoja aliyehamia kutoka Ufilipino, Manuel Fragante, akaomba kazi ya ukarani kwenye ofisi ya jiji inayoshughulika na leseni za magari. Kukawa na mtihani wa kuandika, watu zaidi ya 700, huyu mzee akawa wa kwanza. Wa kwanza! Akaitwa intavyuu, dakika chache tu, akaambiwa hapana, lafudhi yako nzito, hapa kazi ni kuongea na wateja kaunta.

Akaenda mahakamani. Mtaalamu wa isimu akasimama akaeleza kwamba Kiingereza cha huyu mzee ni sanifu na kinaeleweka, ana lafudhi ya kawaida ya mtu aliyekulia Ufilipino, tatizo ni kwamba Hawaii kuna historia ya kuidharau lafudhi hiyo kiasi kwamba wasikilizaji wengine wakiisikia tu wanafunga masikio. Na Fragante mwenyewe alitoa ushahidi wake pale pale kwa mdomo uleule. Akashindwa. Akakata rufaa, mwaka 1989 akashindwa tena, mahakama ikasema uwezo wa kuongea ni sehemu halali ya kazi. Mahakama ya Juu kabisa ya Marekani ikakataa kuisikiliza.

Na Honolulu penyewe ukienda mitaani wenyeji wanaongea pijini yao, Kiingereza kilichochanganywa na Kihawaii, Kireno, Kichina, Kijapani na hao hao Wafilipino. Yaani mtu mwenye lafudhi kamnyima kazi mtu mwenye lafudhi kwasababu ana lafudhi.

Sasa geuza upande wa pili. Wakorea wanapanda ndege kwenda Cebu na Baguio kujifunza Kiingereza, wanakaa bweni miezi. Wajapani wanawalipa walimu wa Kifilipino kwa video kila usiku. Hong Kong kuna watoto wengi Kiingereza chao cha kwanza wamekisikia kwa dada wa kazi Mfilipino. Hao hawasikii kasoro, wanasikia Kiingereza safi, cha upole, cha bei nzuri, na matangazo ya shule zao yanasema walimu wana lafudhi isiyoegemea upande wowote. Mdomo uleule wa Fragante, wakuu. Aliyebadilika ni mwenye sikio.

Kwahiyo Mswaki, wananyoosha kwasababu mlipaji yuko Ohio. Angekuwa Osaka wasingenyoosha.

NesiMtanzania_UK

Nimesoma kimya kimya ila hapa naingia. Nafanya kazi wodini Uingereza, nusu ya shifti yangu ya usiku ni Wafilipino. Wagonjwa wazee wanawapenda sana, sijawahi kusikia mgonjwa akilalamika kuhusu "th" saa tisa usiku akiwa na maumivu. Ila ukija mtihani wa Kiingereza wa kuingilia huku, dada zetu hawa waliosoma kwa Kiingereza tangu darasa la kwanza wanarudia mara mbili mara tatu, na kila kurudia ni hela. Kinachowaangusha wengi ni kuandika, siyo kuongea, watu hawajui.

Na mkumbuke tarehe 8 Desemba 2020, chanjo ya kwanza ya korona ya Pfizer duniani nje ya majaribio, pale Coventry, bibi Margaret Keenan wa miaka 90 alichomwa na nesi anaitwa May Parsons. Mzaliwa wa Ufilipino. Dunia nzima ilimwona, hakuna aliyeuliza F yake iko wapi.

Halafu kuna kitu kinanichekesha. Mwanzoni mwenzangu akiwa amemaliza shifti ananiambia "I'll go ahead", mimi nasubiri aendelee, aendelee na nini? Kumbe ndiyo kwaheri yao. Na akipokea simu anasema "for a while", ana maana subiri kidogo. Choo wanaita CR. Hayo siyo lafudhi ila yanakwenda pamoja.

dogo_janja88

Hapo kwa CR nimeelewa kitu, kuna Mfilipino aliniuliza CR iko wapi airport ya Muscat nikamwonyesha duka la kubadilisha hela.

Mti_Mkavu

😂😂 Dogo wewe.

Nesi asante sana. Nataka kuongezea hiyo ya kuchekana maana wengine mnadhani wanachekwa nje tu. Nyumbani kwao ndiyo moto. Mtu wa visiwa vya kati, Wabisaya, lugha zao nyingi E na I zinapokezana, O na U vilevile, basi "pen" inakuwa "pin" na "pin" inakuwa "pen". Akifika Manila anachekwa, kwenye tamthilia za TV kwa miaka mingi msichana wa kazi alikuwa lazima aongee Kibisaya, kama sisi mlinzi wa kwenye vichekesho lazima awe Mmasai. Manny Pacquiao, bondia na baadaye seneta, mtu wa Mindanao, amechekwa na watu wa kwao wenyewe kwa ile "you know" yake kila baada ya maneno matatu. Ngumi zake hawakuzicheka.

Wana na jina kabisa la Kiingereza kibovu, wanaita cha karabao, yule nyati wa kulimia. Na mtu akiongeleshwa ung'eng'e mwingi kupita kiasi anasema "nosebleed", pua inatoka damu. Na ukiongea Kiingereza kama Mmarekani wanasema wewe uko "slang". Kwahiyo huna pa kusimama. Ukisema P wewe karabao, ukisema F sana unajidai. Halafu wapo wanaojitahidi mpaka wanapitiliza, F inaingia pasipo pake, "feofle" badala ya people. Msicheke, maana Bongo tunao watangazaji wanaosema "dhawadi", kisa walichekwa utotoni kwa kusema "zambi".

Mwaka 2010 Miss Universe, Venus Raj aliulizwa kuhusu kosa kubwa alilowahi kufanya maishani, akajibu hajawahi kuwa na tatizo "major, major". Akamaliza wa tano, na kwao "major major" ikawa wimbo mtaani wiki nzima wanamcheka na kumtetea. Mimi nilipoisikia sikuona ajabu. Lugha zao zinarudia neno ili kukaza, na sisi pole pole, kubwa kubwa, sasa sasa. Yule binti alikuwa anafikiri Kifilipino kwa maneno ya Kiingereza, na lilikuwa jibu linaloeleweka kabisa.

WaRironi

OP nimekumbuka kitu cha trainer. Alikuwa anauliza mbona nyinyi hamna R mwisho. Sikumwelewa.

Mti_Mkavu

Eee hiyo nimesahau kuiweka na ndiyo naipenda kuliko zote!

Angalia hivi. Sisi tunasema ticha, dokta, dreva, kompyuta. Wao wanasema titser, doktor, drayber, kompyuter. Maneno yaleyale. Sisi tulisikia kwa Mwingereza ambaye R ya mwisho haitamki, akaondoka nayo. Wao walisikia kwa Mmarekani anayeikunja kweli, na kabla yake Mhispania aliyeipiga ulimi, wakaibakiza. Yaani ukitaka kujua nani alimtawala nani huna haja ya kitabu, mwambie mtu aseme dereva.

Na kuna meza. Sisi tulipewa meza na Mreno, wao mesa na Mhispania. Bendera yetu kwao ni bandila. Halafu asante kwao ni salamat, ile ile salama ya Kiarabu iliyozunguka kupitia Wamalay. Nilipomwambia yule dada akaniangalia kama nimemtolea sungura kwenye kofia.

BahariaWaMalindi

Na lugha yao ni ndugu na Kimalagasi cha hapo Madagaska, sisi tunaita Bukini, jirani yetu. Tano kwao ni lima, Bukini ni dimy. Jiwe ni bato, Bukini vato. Mbingu langit, lanitra. Nilikuwa na Mmalagasi na Mfilipino meli moja, wakakaa usiku kucha na karatasi wanalinganisha. Na huyo Mmalagasi V anayo!

Mswaki_na_Colgate

Haya basi nimekubali nusu. Lakini wote hawana F? Maana kuna mmoja hapa store anasema "five" kama BBC.

Mti_Mkavu

Siyo wote mkuu. Ufilipino kuna lugha zaidi ya 170, siyo Kitagalogi tu. Kwa mfano Waibanag wa kaskazini kule Cagayan, lugha yao ina F, V na Z zake za asili. Na hao waliosoma shule za gharama Manila, F kwao siyo tatizo, wengine wamekua na Kiingereza nyumbani. Muulize kwao wapi.

Mswaki_na_Colgate

Nimemuuliza. Tuguegarao, Cagayan. Kasema bibi yake ni Ibanag. Aisee mkuu, wewe mchawi.

dogo_janja88

Na yule dada wa payb-o-payb yuko wapi siku hizi? Usituache hewani.

Mti_Mkavu

Karudi kwao Iloilo tangu korona, anafundisha Wajapani Kiingereza kwa video usiku, mchana analala. Jana nimemtumia huu uzi akausoma kwa tafsiri ya simu, imemletea vituko vitupu, "natia kambi" imekuja kama nachimba hema. Akaniomba nimfundishe neno moja gumu la Kiswahili, ambalo Wazungu linawashinda.

Nikamtumia voice: ng'ombe. Yule meneja wetu wa Kiingereza, wa barua, nilishamjaribu nalo mwaka mzima, hakuvuka "nigombe".

Dada kanirudishia voice ya sekunde mbili. Ng'ombe. Safi, kama kazaliwa Sumbawanga. Halafu akaandika chini, sasa hii ngumu yake iko wapi, sisi "sasa" ni ngayon, "jino" ni ngipin, hiyo ng' tunaanza nayo maneno kila siku, ilikuwa na herufi yake kwenye Abakada.

Nikamwambia basi sema "ng'ombe watano" kwa Kiingereza.

"Payb kaws."